Gemu Yenye Breki ya Baiskeli

Karibu na ninapoishi sasa, Kawe, kuna kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda cha vioo kisichozidi upana wa kabati. Nikipita asubuhi humkuta ameinama, moshi mwembamba ukipanda kutoka mikononi mwake, na harufu hunifikia kabla sijamsalimia. Ni harufu ya risasi ya kuchomelea waya inapoyeyuka pamoja na ule utomvu wake. Ni kali kidogo, tamu kidogo, na inakaa kooni. Wengine huziba pua wakaharakisha. Mimi hupunguza mwendo. Siku moja kijana aliinua kichwa akaniuliza, "Dada, una simu mbovu?" Nikamwambia hapana, napenda tu harufu ya kazi yako. Akanitazama kama mtu ambaye hajui acheke au aite mtu.

Nyie wa rika langu mnaijua harufu hiyo hata kama mmesahau mliipatia wapi. Mliipata kwenye vibanda vya gemu, zile gemu za kaseti, kabla simu hazijameza kila kitu. Kisanduku cha plastiki cha kijivu, pedi mbili zenye waya mfupi, kaseti ya njano ambayo lazima uipulize kwanza ndipo ikubali, na televisheni yenye mgongo mkubwa ambayo kila mtu alijua mahali pa kuipiga kofi. Siku hizi mkiziona picha zake mitandaoni mnacheka na kuandika kwamba tumetoka mbali. Mimi nikiziona huutazama mkono wangu wa kushoto.

Tulikaa Gongo la Mboto, ndani kidogo kutoka barabara ya Pugu, upande ambao ukisikia wanajeshi wanapita mchakamchaka wakiimba unajua umeshachelewa kuoga. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Njombe, mpole, asiyezoea joto la Dar hata baada ya miaka mingi. Mama alikuwa karani kwenye ofisi ya kata, na alfajiri kabla ya kwenda kazini alikaanga maandazi ya kuuza. Mimi ndiye nilimshikia kapu. Asubuhi moja mguu wa jiko la mkaa ulizama kwenye mchanga, karai likainama, mafuta yakaja upande wangu. Nikainua mkono wa kushoto kujikinga uso. Uso ukasalimika. Mkono ukapokea yote, kuanzia kifundo, mgongo wa kiganja, mpaka kwenye kucha.

Siku za hospitali sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka bandeji zilivyonata, nakumbuka baba akinisomea gazeti la michezo kwa sauti ya darasani, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamuuliza matokeo. Ninachokumbuka vizuri ni baadaye, ngozi ilipofunga. Ilifunga kwa kubana. Vidole vyangu vilibaki vimenyooka kama meno ya reki. Niliweza kuupunga mkono, niliweza kusukuma mlango, lakini kushika kikombe, kufunga kifungo, kukunja ngumi, hapana.

Kulikuwa na muuguzi wa mazoezi ya viungo, Sista Paulina, mama mnene mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Nilikuwepo alipomwambia mama, "Mama Debora, hii ngozi inakauka. Asipovikunja vidole kila siku, vitakauka hivyohivyo. Akirudi kliniki ijayo viko hivi, daktari itabidi apasue. Na kupasua sio ahadi, mama. Wengine vinalegea, wengine vinazidi kukaza."

Kwa hiyo nyumbani kukawa na mazoezi. Mama aliuloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, akaupaka mafuta ya nazi, halafu akaanza kuvisukuma vidole vyangu, kimoja kimoja, kuelekea kiganjani. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Mama alilia kuliko mimi. Alijaribu siku kadhaa, kila siku akisukuma kidogo zaidi ya jana na kuacha mapema zaidi ya jana, na mwisho akaacha kabisa. Akaacha na maandazi. Karai akaliegemeza ukutani nyuma ya nyumba. Akiniogesha, alinisugua kila mahali, akifika mkono wa kushoto aliumwagia maji tu bila kuugusa.

Mtoto huwa hajui kwamba mtu mzima anaweza kuogopa. Nilitazama yale nikapata maelezo yangu mwenyewe, kwamba mama anauonea kinyaa mkono wangu. Sikumwambia mtu. Nilitafuta sweta la baba la Njombe, nikawa nalivaa mchana kutwa, mikono yake mirefu ikifunika vidole vyangu, jasho likinitiririka. Watu wakiuliza kama nina malaria nilisema ndiyo.

Ndipo siku moja mama akanishika bega, sio mkono, akanipeleka dukani kwa Mzee Awadhi.

Duka la Mzee Awadhi lilikuwa la vipuri vya baiskeli. Familia yake ni Waarabu wa zamani, walikuwepo Gongo la Mboto kabla sisi watu wa bara hatujaanza kununua viwanja kule. Mbele ya duka kulining'inia tairi na minyororo. Nyuma, ukipita pazia la maua, kulikuwa na chumba cha binti yake, Rukia. Sisi watoto tulimwita Da Rukia. Alikuwa msichana mkubwa, mrefu, mtandio ameufunga nyuma ya shingo usimsumbue, na alikuwa na desturi ya kushikilia skrubu mdomoni huku anaongea. Alianza na redio za majirani. Kisha wenye vibanda vya gemu wakamjua, wakawa wanamletea mashine zilizokufa kutoka Ukonga na hata Pugu. Akipata tatu zilizokufa, alizifungua akatoa moja inayoishi. Hakujali ganda. Kuna mashine aliipandikiza ndani ya redio ya zamani ya mbao, ukawa unachomeka kaseti pale palipokuwa pa kutafutia stesheni. Na juu ya rafu alikuwa na kompyuta ya kale, ile ya aina ambayo yote imo ndani ya kibodi moja nene, unaichomeka kwenye televisheni. Aliipata ofisi moja ilipotupa vitu vyake. Ilikuwa nzima, na aliifuta vumbi kila mara kama watu wanavyofuta picha ya harusi.

"Atakuwa hapa akitoka shule, mpaka nitoke kazini," mama alisema.

"Sawa, mama. Hana neno."

Mama akaondoka bila kugeuka. Nikasema moyoni, haya, sasa amenitoa kabisa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. We ndo Debora? Kaa pale. Angalia chini, ukikanyaga skrubu zangu nakutafuta mpaka Pugu." Hakuuliza kuhusu sweta. Hakuuliza mkono uko wapi. Aliwasha televisheni, akapuliza kaseti, akanipa pedi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtu mdogo wa bluu anayekimbia juu ya paa la treni. Treni lina mabehewa mengi, kati ya behewa na behewa kuna uwazi, na kazi yako ni kumrusha. Usipomrusha anadondoka relini na muziki unalia wa kusikitisha. Nililaza pedi mapajani nikajaribu kwa mkono wa kulia peke yake. Kidole kikikimbiza, hakiwezi kuruka. Kikiruka, hakiwezi kukimbiza. Yule mtu alidondoka behewa la kwanza kila safari. Da Rukia alikuwa akichomelea kitu chake, lakini nilihisi ananitazama. Baada ya muda nikaiweka pedi chini nikakaa tu.

Niliporudi kesho yake nilikuta kitu juu ya meza. Kipande cha usukani wa baiskeli kimefungwa kwenye ubao, pamoja na mkono wake wa breki. Waya wa breki ulipita chini ya ubao ukaingia kwenye kopo la siagi, na kutoka kwenye kopo zikatoka nyaya nyembamba nyekundu na nyeusi zikaingia kwenye tumbo la pedi iliyopasuliwa. Usukani na ule mkono wa breki alikuwa amevizungushia mpira wa tyubu, pande juu ya pande, mpaka vikawa vinene kama chupa kubwa ya chai.

"Mkono wa kulia unamkimbiza," akasema, skrubu mdomoni. "Wa kushoto unamrusha. Ukiibana breki, anaruka. Haya."

"Mbona nene hivi?"

"Kwa sababu bado hamjazoeana."

Nilipandisha mkono wa sweta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutoa mkono mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Nikaulaza juu ya mpira. Kwa unene ule vidole havikuhitaji kukunjika, vilihitaji kuegemea tu. Nikaegemea. Ndani ya kopo la siagi kitu kikasema *tik*, na mtu wa bluu akaruka.

Sijui kama ninaweza kueleza furaha ile kwa watu wazima wenzangu. Tangu siku ya karai, mkono wangu ulikuwa kitu cha kutibiwa, cha kufichwa, cha kulilia. Sasa ulikuwa umefanya kazi. Niliruka behewa la pili, la tatu, nikadondoka, nikaanza tena. Mama alipokuja kunichukua nilikataa kuondoka.

Lakini siku zilivyokwenda niligundua jambo baya. Mpira ulikuwa unapungua. Leo mpini ni mnene, wiki ijayo umekonda. Nikifika nalazimika kuvipeleka vidole mbali kidogo kuliko jana ndipo kopo liseme *tik*.

"Da Rukia, mpira wangu uko wapi?"

"Ah, jana kuna mteja alikuja na mzigo, nikakata kipande nikamfungia."

"Lakini ni wangu!"

"Pole, mwaya. Nitakutafutia mwingine."

Hakutafuta. Kila mara alikuwa na sababu. Mara amefungia bomba, mara amempa fundi viatu. Nikaenda kumshtaki kwa baba yake. Mzee Awadhi alikuwa amekaa mbele ya duka akipanga gololi za magurudumu kwenye vikopo, akanisikiliza kwa uzito wa hakimu.

"We Rukia!" akaita. "Mbona unamwibia mtoto wa watu?"

"Biashara ngumu, baba!" ikajibu sauti kutoka nyuma ya pazia.

Mzee Awadhi akatikisa kichwa. "Umesikia mwenyewe, mwanangu. Mimi nimeshindwa kumlea."

Mpira ulipokaribia kwisha, breki nayo ikaanza kukaza. Da Rukia alikuwa akibadilisha springi. Nilimwona siku moja akichagua kwenye kopo, akiminya hii, akiminya ile, na nikashangaa kwamba fundi mzima hawezi kupata springi nzuri laini kama ile ya kwanza. Nikahitimisha kwamba hajui kazi. Nikawatangazia watoto wote wa mtaani: Da Rukia ni fundi mbaya, kitu anakitengeneza leo, kesho kibovu zaidi. Maneno yalifika mbali, maana siku moja nikiwa pale aliingia mwenye kibanda kimoja cha gemu kuchukua mashine yake, akasema kwa utani wenye swali ndani, "Da Rukia, nasikia siku hizi vitu vyako havidumu?"

Nilijikunyata. Da Rukia hakunitazama hata. "Ndo hivyo, kaka," akajibu. "Bado najifunza."

Niliumia, msidhani sikuumia. Ngozi ilipasuka kwenye maungio, nikapaka mafuta ya nazi, ikapasuka tena. Kuna siku nilicheza huku machozi yananidondokea kwenye ubao. Ila maumivu ya nyumbani yalikuwa maumivu tu, yanaanza na yanaisha na hakuna kilichotokea. Yale ya kwa Da Rukia yalikuwa na treni. Nikiibana breki mpaka mwisho kuna mtu anavuka upande wa pili, nikiiachia mapema anakufa kwa sababu yangu. Nilipofika behewa la kijani, ambalo hata wavulana wakubwa hawakuwa wamelifikia, nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimeshika chuma kitupu, mpira umekwisha wote.

Kliniki ikakaribia. Ndipo umeme ukatuchezea. Ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, ukarudi, na mashine yetu ikatoa sauti kama mtu anayepaliwa. Chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Televisheni ikabaki na mchele, zile chenga nyeupe zinazochezacheza bila picha.

Nililia kwa nguvu, Mzee Awadhi akaja akiwa ameshika mnyororo wa baiskeli. Da Rukia hakuninyamazisha. Aliigeuza mashine, akafungua skrubu moja moja akizitia mdomoni, akainua ganda. Bodi ilikuwa na doa jeusi pembeni.

"Imekufa?" nikauliza.

"Hapa tu ndo pamekufa." Alivuta kutoka chini ya meza mashine mbili zilizokwisha kuchunwa, akatoa kwenye moja kidude chenye miguu mitatu, akakilaza kwenye kiganja chake. "Hiki tunakihamishia huku. Na hii njia iliyoungua tunairuka kwa waya, kama mtu wako anavyoruka behewa. Sasa nina mikono miwili tu. Mmoja unashika pasi, mmoja unashika risasi. Nani ananishikia waya?"

Nikamnyooshea mkono wa kulia.

"Huo utanizibia taa. Kaa upande huu. Nipe wa kushoto."

Pasi yake ya kuchomelea ilikuwa imeshaanza kupata moto. Ni chuma chembamba kama kalamu, lakini kichwani mwangu ilikuwa karai. Tangu niungue sikuwa nimesogelea hata kiberiti. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu.

"Siwezi. Itaniunguza."

Da Rukia akaiweka pasi kwenye kishikio chake, akatoa skrubu zote mdomoni, jambo ambalo alikuwa halifanyi kwa mtu yeyote isipokuwa baba yake. "Nisikilize, Debora. Pasi nashika mie. Wewe unashika waya, tena unaushikia huku nyuma, kwenye plastiki. Mimi sijawahi kumuunguza mtu. Nikikosea, nimekosea mie, siyo wewe. Tukiacha, tunaacha tu, hakuna atakayekugombeza. Lakini leo hutajua kuna nini baada ya behewa la kijani."

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Nje Mzee Awadhi alikuwa akimwambia mteja asubiri kidogo, kuna operesheni ndani. Mwishowe nikasogea. Waya ulikuwa mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Nikakipeleka kidole gumba, nikakipeleka na cha shahada, polepole, ngozi ikivuta na kuchoma, mpaka vikakutana na waya katikati yao. Vidole hivyo viwili havikuwa vimegusana tangu siku ya mafuta.

"Hapohapo," akanong'ona. "Usipumue sana."

Pasi ikashuka. Moshi ukapita mbele ya uso wangu, ile harufu ikaniingia, na joto nililihisi kwa mbali tu, kama jua la asubuhi. Risasi ikang'aa, ikawa tone, ikaganda. Da Rukia akapuliza.

"Achia."

Nikaachia. Waya ukabaki mahali pake. Tulipowasha, mchele ukatoweka, muziki ukalia, na mtu wa bluu akawa amesimama juu ya paa la treni akitusubiri. Mzee Awadhi alichungulia kwenye pazia akapiga makofi peke yake.

Siku iliyofuata nilikuta springi mpya kwenye breki, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Niliibana mara ya kwanza, haikwenda popote. Nikamwangalia Da Rukia kwa hasira, yeye akajifanya anatafuta kitu kabatini. Nikasimama, nikaegemea meza, nikaibana tena kwa meno yaliyokazwa. Kopo la siagi likasema *tik*.

Kliniki, Sista Paulina aliushika mkono wangu akaugeuza huku na huku. Kisha akasema, "Nipige ngumi."

"Nikupige?" nilidhani sijasikia vizuri.

"Kunja ngumi, unipige hapa begani. Kwa nguvu."

Nikakunja. Haikuwa ngumi ya bondia. Kidole kidogo kilibaki kimechungulia nje, na mpaka leo kinachungulia. Lakini ilikuwa ngumi. Nikampiga. Sista Paulina akacheka kicheko kikubwa, akaenda kumwita daktari, daktari akanitaka nishike kalamu yake, nishike kidole chake, nishike kikombe. Akasema maneno ambayo baba alirudia nyumbani kwa wiki nzima: "Huyu hatumpasui."

Tulipotoka getini mama aliushika mkono wangu. Ule wa kushoto. Aliushika wazi, mbele za watu, tukatembea hivyo mpaka kituoni na alikataa kuuachia hata alipokuwa anatafuta nauli kwenye mkoba.

Niliendelea kwenda kwa Da Rukia kwa miaka mingi baada ya hapo. Nilipomaliza treni alinishushia ile kompyuta ya rafuni, akanifundisha kuandika, kila herufi na kidole chake, na hivyo ndivyo vidole vyangu vilivyojifunza kwenda kimoja kimoja. Kazi ninayofanya leo ni ya kuandika kutwa nzima, na wenzangu ofisini husema naichapa kibodi kwa kelele kama mtu anayetwanga. Kuhusu ule mpira na zile springi, nilikuja kuelewa mwenyewe nikiwa sekondari, ghafla, nikiwa darasani somo la baiolojia. Mwalimu alikuwa akizungumzia misuli, nami nikaangua kicheko nikatolewa nje. Jioni hiyo nilikwenda dukani nikamwambia Da Rukia, "Kumbe hukuwa unaniibia." Akasema, "Lakini ulinipunguzia wateja kweli, we mtoto," akacheka mpaka skrubu ikamdondoka.

Nilidhani hapo ndipo hadithi ilipoishia. Lakini Mzee Awadhi alipofariki nilikwenda kumpa Da Rukia pole. Yeye sasa ni mama wa watoto wakubwa, amevaa miwani, na bado anakaa nyuma ya pazia, ingawa vitu anavyofungua siku hizi ni vya vijana wanaokusanya gemu za zamani na kumpelekea kutoka mjini. Tulikaa na wanawake wengine mkekani. Watu walipopungua nikamwambia jambo nililokuwa nimelibeba muda mrefu, kwamba namshukuru, kwamba kila nikifunga kifungo namshukuru, na kwamba mama aliposhindwa yeye hakushindwa.

Alinitazama kwa mshangao. "Nani kakwambia mama yako alishindwa?"

Nikamkumbusha jinsi mama alivyoacha mazoezi.

"Debora, mie ningejuaje mambo ya ngozi? Mie fundi wa redio. Mama yako ndo alikuja hapa. Alikuwa ameongea na yule sista wa hospitali, ameelekezwa: anza na kitu kinene, punguza, punguza, halafu ongeza uzito. Akaniambia, mie mwanangu nikimgusa analia, na akilia mkono wangu unakufa ganzi, siwezi. Lakini gemu anapenda. Tufanyeje?" Da Rukia alivua miwani akaifuta kwa mtandio. "Alikuwa anakuja alfajiri, ule muda aliokuwaga anakaanga maandazi. Kila mpira niliopunguza, yeye alikuwa wa kwanza kuujaribu. Kila springi. Alikuwa anafunga vidole vyake kwa kitambaa, vikakamae kama vyako, halafu anaibana breki. Akisema hii itamuumiza sana, natoa. Akisema hii ataiweza, naiacha. Wewe unafika mchana, mama yako ameshapita."

Mkekani pale, kwenye msiba wa watu, nililia kwa jambo ambalo halikuwa la marehemu, na wanawake wakanipigapiga mgongo wakidhani nilimpenda sana mzee, na kweli nilimpenda.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Ukonga, ambako wazazi wangu walihamia baba alipostaafu. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda uani anachambua mchele, kanga imemteleza begani. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia nimetoka kwa Da Rukia na ameniambia kila kitu.

"Amekwambia nini huyo naye," mama akasema bila kuinua macho. "Mambo ya zamani hayo."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia ungecheza?" Alipeta ungo, akatoa jiwe, akalitupa. "Ungejua ni mazoezi ungelia. Nilikufahamu."

Baba alikuwa amelala ndani na redio ikizungumza peke yake. Nilitaka kusema maneno makubwa, nikayakosa, nikauchukua mkono wake wa kushoto nikaushika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoutarajia. Mama alikiangalia kidole changu kidogo kinachochungulia, akakikunja kwa kidole chake, kama anayefunga mlango uliobaki wazi kidogo.

"Ila ile springi ya mwisho," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu kwenye ungo, "ile mie ilinishinda. Niliminya, niliminya, wapi. Nikamwambia Rukia, hii toa, mwanangu hataiweza. Akasema, mama, tumwachie siku moja tu tuone." Akatikisa kichwa. "Jioni nakuja kukuchukua, namkuta amesimama mlangoni ananisubiri. Akaniambia, ameruka."